Bucha la nyamapori, barabara ya Singida: nyama safi, ila ulizeni mnyama alikufaje

Nimenunua nyati, pofu na swala pala kwenye bucha hili kwa nyakati tofauti, na naandika kwa ajili ya watu wa aina mbili. Wapo ambao hawajawahi kuonja nyamapori na wanaogopa kuanza. Na wapo wa rika langu, waliokulia Manyoni, Itigi, Kilimatinde na miji mingine midogo ya ukanda wa reli ya kati, walioila nyama hii tangu wakiwa watoto kisha wakaiacha kabisa kwa hofu ya pingu. Kwa wote nasema nendeni. Ila nendeni na maswali mdomoni, maana bucha hili linaijua sheria kuliko linavyoijua nyama.

Halina jina. Bango lake la bati limeandikwa NYAMAPORI kwa rangi nyekundu, na chini yake namba ya leseni. Liko kandokando ya barabara ya Singida ukitoka Dodoma mjini, mkono wa kushoto, katikati ya duka la vifaa vya ujenzi na fundi wa matairi. Ndani wameweka vigae vyeupe mpaka karibu na dari, mizani ya kidijitali, friza mbili za kulala na kabati la kioo lenye ubaridi. Wahudumu ni vijana wawili wenye makoti meupe na kofia. Sijawahi kukuta nzi humo, na sijawahi kusikia harufu ya damu iliyolala. Sakafu inapigwa maji hata kukiwa na wateja.

Siku ya kwanza, kabla hajashika kisu, kijana wa mezani alinisalimia, "Shikamoo mama," akafungua daftari kubwa na kuandika jina langu, mnyama ninayemtaka na kilo ninazotaka. Alipomaliza kupima akanipa risiti ya mashine pamoja na karatasi ya pili yenye muhuri: nyati, kilo 3, tarehe, namba ya leseni ya bucha. "Mama, hii karatasi usiitupe mpaka nyama iishe jikoni," akaniambia. Nilimpenda hapo hapo. Wasiojua uzito wa maneno hayo waelewe kwamba nyama ya mnyama wa porini isiyo na kibali ni nyara ya serikali, na ukikutwa nayo unaweza kwenda jela miaka 20 au zaidi. Haijalishi kama ni gunia au kipande kwenye sufuria. Mabucha haya yalifunguliwa njia na kanuni za mwaka 2020, zilizoruhusu nyama ya wanyama waliovunwa kihalali kuuzwa hadharani. Bila karatasi ile, kwenye kizuizi cha barabarani wewe na jangili mnaonekana mmoja. Nimewahi kununua kuku na mbuzi kwa watu wazembe kuliko vijana hawa, kwa hiyo upande wa makaratasi nawapa alama zote.

Hofu ya pingu naijua kutoka upande wa pili wa meza. Marehemu baba alikuwa askari wa wanyamapori, na mji mzima ulimwita Bwana Nyama, cheo ambacho watu wa idara ile walirithi tangu enzi za mkoloni. Alipitia chuo cha Pasiansi, Mwanza, miaka michache baada ya kufunguliwa mwaka 1966, kisha akapangiwa Manyoni. Ulikuwa mji wa stesheni, wenye barabara moja ya maana, vichaka vya Itigi upande wa magharibi na mapori ya Muhesi, Kizigo na Rungwa upande wa kusini. Serikali ilisimamisha uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978, na wageni wa kitalii wakawekwa chini ya shirika la umma, TAWICO. Wageni hao sisi watoto tuliwaona kwa nadra, wakipita na magari yao kuelekea Rungwa. Uwindaji wetu ulikuwa mwingine. Mkazi alikwenda ofisi ya maliasili, akalipia leseni iliyotaja mnyama gani na wangapi, na Jumamosi akaingia porini.

Waliokuwa wakiingia nawakumbuka kwa kazi zao: stesheni masta, mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi, mganga wa zahanati, na Mwarabu mwenye duka la jumla, ambaye ndiye aliyekuwa na Land Rover 109. Hapakuwa na mmoja kati yao aliyeweza kwenda peke yake. Mwenye gari hakuwa na shabaha, mwenye shabaha hakuwa na petroli, na miaka ile baada ya vita vya Kagera petroli ilikuwa ya kibali, sukari ya foleni, na betri za tochi zikichoka tulizianika juani zirudishe nguvu kidogo. Risasi zilikuwa adimu kuliko vyote. Baba alipotumwa kudhibiti wanyama waharibifu alitoka ofisini na risasi za kuhesabiwa, na jioni alirudisha maganda yaliyotumika, yakaandikwa moja moja kwenye daftari. Mtu wa namna hiyo hafyatui kwa kujaribu bahati. Walenga shabaha wa mji ule walikuwa tayari kurudi mikono mitupu kuliko kumpiga mnyama wa mbali akaenda kufia kichakani.

Na alikuwepo mzee wa Kikimbu, fundi wa nyayo, bila yeye bunduki zote zile zingekuwa mzigo tu. Alitembea na kifuko cha kitambaa chepesi kilichojaa majivu. Akikitikisa, vumbi la majivu lilionyesha upepo unaelekea wapi, naye akawapitisha wenzake mahali ambapo harufu yao haitawafikia wanyama. Likizo moja nyati walivamia mashamba ya mtama, baba akaitwa, nami nikapakiwa nyuma ya gari kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniangalia. Nilimwona mzee yule akipiga goti mbele ya kinyesi cha nyati, akaingiza vidole viwili katikati, akavinusa, akasema wameondoka jua likiwa limeshachomoza na hawako mbali. Hakuinua sauti. Alionyesha kwa kidevu.

Mimi na mwalimu mkuu tuliachwa juu ya kichuguu kirefu, ndorobo, yaani mbung'o, wakitutafuna shingoni. Tukasikia mlio mmoja wa bunduki, halafu kimya. Nilitegemea wakimbilie huko. Badala yake, kwa mbali, nilimwona baba akikaa chini ya mti na kuwasha sigara. Mwalimu akanieleza kwa kunong'ona kwamba nyati aliyejeruhiwa hafuatwi mara moja. Anangojewa adhoofike, maana akifuatwa akiwa na nguvu hujificha pembeni mwa njia yake mwenyewe na kumvizia anayemfuata. Tulikaa mpaka tukausikia ule mlio wa mwisho ambao nyati huutoa anapokata roho, mrefu na wa chini, na mwalimu akavua kofia. Sijui kama alivua kwa heshima au kwa joto, lakini mimi nilipokea kwamba ni heshima, na mpaka leo siwezi kupokea nyama ya nyati kwa mkono mmoja.

Ini ndilo lilioliwa hapo hapo. Baba alilipasua kwanza kwa marefu na kulitazama kwa makini, akitafuta minyoo, kisha akalikata vipande na kuviweka juu ya makaa. Chumvi ilitoka kwenye kipande cha gazeti la Uhuru kilichokunjwa vizuri mfukoni mwa mganga. Nje liliungua kidogo, ndani lilibaki laini na tamu kiasi cha kunishangaza. Hilo ini silioni kwenye bucha la barabara ya Singida, wala moyo, wala figo, wala utumbo. Nilipouliza, kijana akasema mzigo unawafikia ukiwa minofu na mifupa tu. Naelewa kwamba vya ndani huharibika upesi na safari ya kutoka porini ni ndefu. Lakini mteja anayeijua nyamapori atavitafuta hivyo kabla ya paja, na muuzaji akipata njia ya kuvifikisha vikiwa salama na vimekaguliwa, vitaisha kabla jua halijawa kali.

Mgao ulikuwa na utaratibu wake, na ndio ulionifundisha majina ya sehemu za mnyama kabla sijajifunza majina ya mikoa. Shingo na kichwa ni vya fundi wa nyayo, bila mjadala. Kidari cha mwenye gari. Paja moja la nyuma la aliyepiga, la pili linakatwakatwa kwa waliobeba. Utumbo ulichukuliwa na akina mama waliofika na makarai. Mgao haukuishia kwenye gari. Wagonjwa wa zahanati walipelekewa supu, walimu walipata, na sisi watoto tulitumwa na sahani zilizofunikwa kwa sahani nyingine, mlango kwa mlango, tukianzia kwa wajane. Zilirudi na asali ya Itigi, karanga, au unga wa uwele. Kuuza nyama ya leseni bila ruhusa lilikuwa kosa, na baba alilisimamia hata kwa marafiki zake. Aliwahi kumnyang'anya mtu mzima mzani mbele ya watoto wake.

Baadaye mambo yakaharibika. Tembo wa Selous peke yao walishuka kutoka zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970 hadi karibu 30,000 mwaka 1989, na huko kwetu nako bunduki za kivita zilianza kusikika usiku. Mwaka huo ikaja Operesheni Uhai, msako wa majangili uliofanywa na jeshi na polisi pamoja na askari wa wanyamapori. Baba aliiunga mkono kwa moyo wote na nadhani alikuwa sahihi. Lakini mji mdogo wa wawindaji wa Jumamosi haukurudi tena ulivyokuwa. Stesheni masta alihamishwa, Mwarabu akauza gari, vijana hawakuona sababu ya kuhangaika na leseni. Nyama ikaanza kuja usiku, ndani ya gunia la mkaa, bila kichwa, bila ngozi, na mletaji hakutaka kukaa hata kunywa maji.

Mama aliikataa, na sababu yake haikuwa kazi ya mumewe peke yake. Aliuliza: mnyama gani huyu? Amekufaje? Alikaa kwenye waya siku ngapi? Mnyama aliyenaswa na waya akahangaika usiku kucha, au aliyekimbizwa na mbwa mpaka akachoka, nyama yake inakuwa nyeusi, inanata mkononi, na haikai. Aliyekutwa amekufa anaweza kuwa na kimeta, na kimeta kinaua mlaji na mchunaji. Mama hakuwa na elimu ya maabara. Alikuwa na mazoea ya miaka mingi ya kupokea nyama kutoka kwa watu ambao wangeweza kumsimulia mnyama huyo tangu unyayo wa kwanza mpaka kisu cha mwisho. Nyama isiyo na habari haikuingia jikoni kwake.

Basi nikisimama mbele ya kabati lile la kioo, maswali ninayouliza ni ya mama. Kijana alijibu la kwanza vizuri: huyu nyati, yule pofu, na kule kwenye friza kuna swala pala. Nilipouliza dume au jike, hakujua. Wa pori gani? Alisema vibali viko ofisini kwa bosi. Amepigwa lini? "Mama, imeingia juzi." Kuingia bucha na kupigwa porini ni siku mbili tofauti, nikamwambia, naye kwa adabu akakubali kwamba hilo hajawahi kuulizwa. Simlaumu yeye. Mwenye bucha anazo habari hizo, kwa sababu kibali hakitolewi bila kutaja mnyama na eneo. Aziandike kwenye ubao ukutani kila mzigo unapoingia: mnyama, jinsi, pori, tarehe aliyopigwa, tarehe aliyokaguliwa na daktari wa mifugo. Ubao wa chaki ni bei ya nusu kilo ya nyama.

Kuna habari moja ambayo ukosefu wake unawafukuzia wateja wengi: kama mnyama alichinjwa. Siku niliyochukua pofu, baba mmoja mwenye kanzu aliingia, akauliza swali hilo tu, akajibiwa "nadhani ndiyo", akashukuru na kuondoka. Alikuwa na haki ya kuondoka. Porini kwetu jambo hili halikuachwa kwa kudhani. Wakiwinda swala, kongoni au pofu, baba, ambaye alikuwa Mkristo, alimwachia Mwarabu risasi ya kwanza ili apige akiwa ametaja jina la Mungu, na mnyama akianguka Mwarabu huyo huyo alikimbia na kisu kabla roho haijatoka. Alikuwa mnene na mwenye pumu, lakini kwa mbio hizo hakuna aliyemshinda. Kwa nyati ilikuwa ngumu zaidi, maana kumkaribia angali hai ni kutafuta kifo, na siku ambazo hakuwahiwa, Waislamu wa mji walijulishwa kabla sahani hazijatoka, wakapewa kuku au wakangoja Jumamosi nyingine. Ngiri hakupakiwa karibu na nyama nyingine. Hivyo ndivyo watu wa dini mbili walivyokula kutoka gari moja bila ugomvi. Bucha la leo, lenye leseni na mashine ya risiti, haliwezi kushindwa kumwambia mteja wake "amechinjwa" au "hakuchinjwa".

Sasa nyama yenyewe. Pofu wao ni mzuri sana. Ana mafuta kidogo, meupe yanayoelekea umanjano, na nyuzi fupi, na mtu aliyezoea ng'ombe hatapata shida naye. Kama ni mara yako ya kwanza, anza na pofu. Nyati ni mwekundu wa kukolea, hana mafuta karibu kabisa, na vipande nilivyopata vilikuwa vikavu kwa nje, vya kung'aa kidogo ukikata, visivyonata. Hiyo ni dalili ya mnyama aliyeanguka upesi. Yeyote aliyempiga anajua kazi yake, na ningependa kumjua.

Swala pala ndiye aliyenisikitisha. Alitoka kwenye friza akiwa amegandishwa mzima mzima, wakamkata kwa msumeno wa umeme, na unga wa mifupa ukasambaa kwenye kila kipande. Zaidi ya hapo, kipande cha bega kilikuwa na damu iliyovilia, nyeusi na laini, pale risasi ilipopita. Sehemu hiyo hutupwa. Baba alikata upana wa kiganja kuzunguka jeraha na kuwaachia mbwa, kwanza kwa sababu inaoza haraka, pili kwa sababu ya vipande vya risasi. Wakati wa magobori ilikuwa hatari zaidi, maana watu walishindilia vipande vya chuma na nondo; mjomba wangu alivunjika jino kwa kongoni wa gobori. Nilimwonyesha kijana, naye bila ubishi akaikata sehemu ile, akaitupa na kupima upya. Nampongeza kwa hilo. Lakini nyama ya namna hiyo ilitakiwa iondolewe kabla haijafika kwenye mizani, na mteja asiyejua angelipia na kuipika.

Bei: siku nilizokwenda, nyati alizidi nyama ya ng'ombe ya sokoni kwa shilingi 2,000 kwa kilo, na pofu akazidi kidogo zaidi ya hapo. Naiona ni haki ukizingatia vibali, usafiri na ubaridi. Wanapokea pesa taslimu na malipo ya simu. Wafungashaji wao ni wazuri. Nyama ilifika Manyoni kwa basi ikiwa bado baridi, ndani ya boksi la thamokoli nililokwenda nalo mwenyewe.

Wengi wanaolalamika kwamba nyati ni mgumu wamempika kama nyama choma ya bia. Nyati hachomwi hivyo, labda awe ndama, na ndama hapigwi. Kata vipande ukikingama nyuzi. Mpake tangawizi na papai bichi lililotwangwa, umwache saa moja, siyo usiku kucha, maana papai likizidi nyama inakuwa uji. Kisha chemsha kwa moto mdogo wa mkaa saa tatu bila kuharakisha, ukiongeza maji ya moto, usiweke ya baridi. Mama alimwinjika jioni, akamwacha kwenye chungu juu ya makaa yanayozimika, na asubuhi akamalizia kwa karanga zilizosagwa. Ukila na ugali wa uwele na mlenda pembeni, hutamtafuta ng'ombe wiki nzima. Kwa kuwa nyati hana mafuta, kijiko cha samli mwishoni kinamsaidia sana.

Pofu anachomeka vizuri, ila mtoe motoni mapema. Akikauka, umempoteza.

Wanaotaka nyama ya kukausha wanunue mwezi wa Julai au Agosti, wakati upepo wa Dodoma na Singida ni mkavu na baridi. Paja la nyati likatwe mikanda mirefu yenye unene wa kidole, likolezwe chumvi, litundikwe kivulini kwenye kamba, mahali penye upepo na pasipo nzi. Usiku liingizwe ndani. Siku tatu zinatosha. Sisi tulimalizia juu ya kichanja chenye moshi mdogo, na nyama ilikaa mpaka mvua za Desemba. Hapa ndipo maneno ya kijana wa mezani yanapopata maana kamili: ukikausha, ile karatasi yenye muhuri ikae pamoja na nyama muda wote huo, kwenye kopo lile lile. Mimi nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaiweka juu. Nyama kavu haioneshi tarehe, na jirani hajui ulinunua wapi.

Kuna jambo niliambiwa na mtu anayejua msimamo wa baba: kwamba yeye, kama Bwana Nyama, asingekubali nyamapori iuzwe kwa kilo. Nimelifikiria kwa muda mrefu. Alichokipinga baba ni mtu kuchukua leseni ya kitoweo na kuifanya biashara ya siri, huku wanyama wakiisha bila kuandikwa popote. Bucha hili linafanya kinyume chake: kila kilo imeandikwa, na askari anaweza kuingia saa yoyote akafungua daftari. Nilipolishika daftari lile lenye mistari ya kalamu ya bluu, nilijua angelipitia ukurasa kwa ukurasa, angekasirika pale palipoachwa wazi kwenye safu ya "mahali", na angetoka na furushi la pofu mkononi.

Kwa hiyo naomba mwenye bucha asome hapa. Usafi unao, wahudumu wenye adabu unao, na karatasi zako ziko sawa. Weka ubao. Sema kama mnyama amechinjwa. Acha kugandisha swala mzima. Mgawe vipande kwanza, kwa kisu kwenye viungo, ndipo friza. Mtafute mzee mmoja aliyewahi kuchuna mnyama porini, awakalishe vijana wako siku nzima na kuwaonyesha kusoma nyama kwa macho na vidole. Wazee hao bado wapo Manyoni, Itigi na Rungwa, na wengi wao hawajaombwa kumfundisha mtu yeyote kitu chochote kwa miaka mingi.

Kwa mnaokwenda: mzigo mpya huingia Alhamisi jioni, na Ijumaa asubuhi kabati linakuwa limejaa. Beba boksi lako la baridi na noti ndogondogo. Ukifika kabla ya saa nne utakuta shingo ya nyati. Wanaiuza kwa bei ya mifupa, kwa sababu wateja wengi wanaipita wakikimbilia paja. Chukua hiyo, yote kama mfuko unaruhusu, na waombe waikate kwa shoka, wasiipitishe kwenye msumeno.